Antônio Carlos Jobim, Mtunzi wa Bossa Nova: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

## Mambo ya msingi

Antônio Carlos Jobim alikuwa nani?

Alikuwa mtunzi wa muziki, mpiga piano, mpiga gitaa na mwimbaji wa Brazili, aliyezaliwa Rio de Janeiro tarehe 25 Januari 1927 na kufariki New York tarehe 8 Desemba 1994. Jina lake kamili ni Antônio Carlos Brasileiro de Almeida Jobim. Wengi wasiolijua jina hilo wanazijua nyimbo zake, kwa kuwa "Garota de Ipanema" hupigwa hotelini na katika viwanja vya ndege kote duniani, mara nyingi kwa namna inayoificha kazi iliyofanywa ndani yake. Ndiyo maana majibu yaliyomo hapa yanaegemea zaidi upande wa utunzi kuliko sifa za jua na ufukwe zilizoganda kwenye jina lake.

Kwa nini huitwa Tom?

Ni jina la utotoni, lililotokana na jinsi dada yake mdogo, Helena, alivyolitamka jina Antônio alipokuwa bado anajifunza kusema. Wabrazili wote humwita Tom Jobim, ilhali majalada ya santuri zake zilizotolewa Marekani huandika Antonio Carlos Jobim. Ni mtu mmoja, na anayezitafuta rekodi zake hana budi kutafuta kwa majina yote mawili.

Bossa nova ni muziki wa namna gani?

Ni samba iliyopunguzwa vyombo na kuteremshwa sauti bila kupoteza mdundo wake. Katika samba ya kanivali, ngoma nyingi hugawana mapigo: surdo hushika pigo zito la chini, na tamborim hukatakata mapigo ya juu. Mpigaji wa bossa nova huyahamishia yote hayo kwenye gitaa moja. Kidole gumba hushika nyuzi nene na kufanya kazi ya surdo, na vidole vitatu vinavyobaki huvuta nyuzi nyembamba kwa pamoja, vikilitangulia pigo au vikilichelewa, kama tamborim inavyofanya.

Juu ya gitaa hilo mwimbaji huimba kwa sauti ya chini, karibu na mazungumzo, bila kuitetemesha wala kuipaza. Nguzo ya tatu ni harmonia, yaani namna sauti kadhaa zinavyopigwa pamoja chini ya lahani na kuibadilishia rangi. Gitaa na uimbaji huo vilikuwa vya mwimbaji na mpiga gitaa João Gilberto. Mchango mkubwa wa Jobim uko katika lahani na harmonia. Mgawanyo huo umeelezwa zaidi katika swali la nani aliyeianzisha bossa nova.

## Malezi, masomo na kazi za mwanzo

Alilelewa wapi, na nani?

Alizaliwa mtaa wa Tijuca, lakini familia yake ilihamia Ipanema angali mchanga, wakati ambapo Ipanema ilikuwa bado kitongoji kitulivu chenye mchanga na nyumba chache. Baba yake, Jorge de Oliveira Jobim, aliyefanya kazi katika utumishi wa kidiplomasia na kuandika mashairi, alifariki mwaka 1935, Tom akiwa na umri wa miaka minane. Mama yake, Nilza, aliolewa tena na Celso Frota Pessoa, na baba huyo wa kambo ndiye aliyemhimiza kijana asikiache kipaji chake wakati ambapo muziki haukuhesabiwa kuwa kazi ya mtoto wa familia kama yao.

Je, alisomea muziki, au alijifunzia kwenye vilabu?

Alifanya yote mawili, na ni kosa kuondoa upande wowote. Mwalimu wake wa kwanza wa piano alikuwa Hans-Joachim Koellreutter, Mjerumani aliyefika Brazili mwaka 1937 na ambaye baadaye aliwaingiza watunzi wa nchi hiyo katika muziki wa nota kumi na mbili zenye haki sawa. Jobim hakutunga kwa mtindo huo, lakini alitoka kwa Koellreutter akiwa hana woga na nota yoyote. Baadaye alifundishwa na Lúcia Branco na Tomás Terán. Aliwasoma kwa makini Chopin, Debussy na, zaidi ya wote, Heitor Villa-Lobos, ambaye alimthibitishia kwamba okestra inaweza kusema Kibrazili. Alianza pia kusomea usanifu wa majengo, lakini aliacha kabla mwaka haujaisha.

Shule ya pili ilikuwa ya usiku. Mwaka 1949 alimwoa Thereza Hermanny, na ili kodi ya nyumba ilipwe alipiga piano katika baa na vilabu vya Copacabana mpaka alfajiri. Mapema katika miaka ya 1950 alipata kazi ya mchana katika kampuni ya rekodi ya Continental. Kazi yenyewe ilikuwa kuandika nota kwa niaba ya watunzi wa samba wasiojua kuziandika: mtunzi anaimba, pengine akijipigia mdundo kwenye kiberiti, na kijana anaiweka lahani kwenye karatasi. Sidhani kuna chuo ambacho kingemfundisha samba kwa undani kiasi hicho. Hapo Continental alimkuta pia Radamés Gnattali, mpangaji wa muziki wa okestra aliyemheshimu maisha yake yote.

Wimbo wake wa kwanza uliofanikiwa ni upi?

"Incerteza", aliotunga na rafiki yake wa utotoni Newton Mendonça, ulirekodiwa mwaka 1953 bila kishindo. Uliovuma ni "Tereza da Praia" wa mwaka 1954, aliotunga pamoja na Billy Blanco, ambamo Dick Farney na Lúcio Alves wanajibizana kuhusu msichana mmoja.

## Kuzaliwa kwa bossa nova

Alikutanaje na Vinicius de Moraes?

Vinicius alikuwa mshairi mashuhuri na mwanadiplomasia, mwenye umri wa miaka 13 zaidi ya Jobim. Mwaka 1956 alikuwa ameandika tamthilia ya kishairi, "Orfeu da Conceição", iliyoihamisha hadithi ya kale ya Wagiriki ya Orfeo kwenye vilima vya maskini wa Rio, na alihitaji mtu wa kuitungia muziki. Mwandishi wa habari za muziki Lúcio Rangel ndiye aliyewakutanisha, katika baa ya Villarino katikati ya mji.

Tamthilia ilifunguliwa katika Teatro Municipal tarehe 25 Septemba 1956, ikiwa na waigizaji weusi na mandhari ya jukwaa yaliyobuniwa na Oscar Niemeyer, msanifu ambaye punde angeijenga Brasília. Wimbo "Se todos fossem iguais a você" ulitoka humo. Filamu ya Marcel Camus iliyotokana na tamthilia hiyo ilishinda tuzo kuu ya Cannes mwaka 1959, kisha tuzo ya Oscar ya filamu ya kigeni, na kwa njia hiyo nyimbo za Jobim zikafika Ulaya kabla yake mwenyewe.

Kati ya Jobim na João Gilberto, ni nani aliyeianzisha bossa nova?

Kila upande una watetezi wake, na jibu la haki linahitaji kuitazama miezi michache ya mwaka 1958. Mapema mwaka huo mwimbaji Elizeth Cardoso alirekodi albamu nzima ya nyimbo za Jobim na Vinicius, "Canção do Amor Demais". Uimbaji wake ulikuwa wa zamani, wenye sauti kubwa na huzuni ya wazi, lakini katika nyimbo mbili nyuma yake linasikika gitaa lililopigwa kwa namna ambayo hapakuwa na mtu aliyewahi kuirekodi. Mpigaji alikuwa João Gilberto, kijana kutoka Juazeiro, Bahia.

Mwezi Julai Gilberto aliingia studio za Odeon kurekodi toleo lake la "Chega de Saudade", moja ya nyimbo hizo mbili, huku Jobim akiwa mpangaji wa muziki. Gilberto alitaka maikrofoni mbili, moja ya sauti na moja ya gitaa, jambo ambalo halikuwa la kawaida, na alikuwa akisimamisha kazi kila aliposikia kosa ambalo wengine hawakulisikia. Jobim alibaki katikati, akiwatuliza mafundi na wanamuziki. Rekodi iliyopatikana haifiki dakika mbili, na vijana wa Rio waliinunua wakakaa chini kujifunza gitaa upya.

Kwa hiyo mdundo na uimbaji ni vya Gilberto, na lahani, harmonia na mpango wa ala ni vya Jobim. Wimbo huo huo, ulipoimbwa na Elizeth, ulikuwa bado haujawa bossa nova; na gitaa la Gilberto, bila nyimbo zenye harmonia ya kulitosha, lingebaki kuwa ufundi wa mtu mmoja. Ninaona hakuna haja ya kumchagua mmoja.

"Samba de uma nota só" ina ufundi gani hasa?

Huu ndio wimbo ninaoushauri kwa anayetaka kuelewa kwa masikio yake jinsi Jobim alivyofikiri. Aliutunga na Newton Mendonça, sawa na "Desafinado". Mwimbaji anaanza na nota moja na kuirudia tena na tena. Kwa mtunzi mwingine hilo lingechosha kabla ya mstari wa pili. Lakini chini ya nota hiyo harmonia inateremka hatua nusu kwa hatua nusu, kama mtu anayeshuka ngazi akiwa ameinua taa moja mahali pale pale, na kila inaposhuka, nota ile ile inasikika kuwa na rangi nyingine. Kisha lahani inapanda kwenye nota ya pili, inarudi kwenye ya kwanza, na katika sehemu ya kati inapanda na kushuka ngazi nzima ya muziki kwa kasi.

Maneno yanaeleza kitu hicho hicho kinachotendeka: kwamba samba hii imejengwa juu ya nota moja, kwamba nota nyingine zitaingia, na kwamba mwimbaji atairudia ile ya kwanza kama anavyomrudia mpenzi wake. Katika "Desafinado" ufundi ni wa aina hiyo: mwimbaji anayelaumiwa kwamba hukosea sauti anajitetea, na anapotaja kosa hilo lahani inakanyaga nota ambayo sikio halikuitarajia. Anayeimba wimbo huo lazima awe na sikio kali ili aweze kujifanya hana.

Mendonça alifariki Novemba 1960, akiwa na umri wa miaka 33, kabla nyimbo hizo mbili hazijazunguka dunia. Jina lake linastahili kutajwa kila zinapopigwa.

## Marekani na umaarufu wa dunia

Bossa nova ilifikaje Marekani?

Mpiga gitaa Charlie Byrd alizuru Brazili mwaka 1961 katika ziara iliyodhaminiwa na serikali ya Marekani, akarudi na santuri. Februari 1962 yeye na mpiga saksafoni Stan Getz walirekodi "Jazz Samba" katika kanisa moja la Washington, na "Desafinado" yao isiyo na maneno ikavuma redioni. Tarehe 21 Novemba mwaka huo wanamuziki wa Brazili wakaalikwa katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York. Mitambo ya sauti ilikuwa mibaya na magazeti kadhaa ya nyumbani yaliandika kwamba ilikuwa aibu, lakini waliohudhuria walikuwa wenye kampuni za rekodi na wanamuziki wa jazi, na hao walikuwa wamesikia vya kutosha. Jobim, ambaye alisitasita kusafiri, alibaki New York.

Machi 1963 Getz, Gilberto na Jobim kwenye piano walirekodi albamu ya "Getz/Gilberto". Astrud, mke wa João wakati huo, ambaye hakuwa mwimbaji wa kazi, aliimba sehemu ya Kiingereza ya "Garota de Ipanema", yaani "Msichana wa Ipanema". Albamu ilitolewa mwaka 1964, na mwaka 1965 ikapata tuzo ya Grammy ya Albamu ya Mwaka, huku wimbo wa msichana wa Ipanema ukipata ya Rekodi ya Mwaka.

Je, msichana wa Ipanema alikuwa mtu halisi, na ni kweli wimbo ulitungwa baa?

Msichana alikuwepo. Jobim na Vinicius walikuwa wakikaa katika baa ya Veloso, kwenye mtaa ambao siku hizi unaitwa Vinicius de Moraes, na walimwona akipita. Jina lake, Helô Pinheiro, walilitangaza wao wenyewe miaka michache baadaye. Ila wimbo haukuandikwa mezani hapo. Jobim aliitunga lahani nyumbani kwake, mtaa wa Barão da Torre, kwa ajili ya mchezo wa jukwaani ambao haukukamilika, naye Vinicius aliandika maneno Petrópolis, mji wa milimani. Uliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza Agosti 1962 katika klabu ya Au Bon Gourmet.

Wanaoudharau kwa kuwa umepigwa kupita kiasi waisikilize sehemu ya kati. Lahani inahama kutoka ufunguo wa mwanzo kwenda mbali kabisa, inapanda tena, na mahali hapo ndipo mwimbaji anapouliza kwa nini yuko peke yake. Kisha muziki unarudi nyumbani bila mshono kuonekana, na msichana anaendelea kupita bila kumtazama. Maneno ya Kiingereza ya Norman Gimbel yalihifadhi mwendo wa msichana lakini yakaacha huzuni nyingi ya Vinicius njiani.

Albamu yake na Frank Sinatra ilikuwaje?

Ilirekodiwa mapema mwaka 1967, ikiwa na nyimbo kumi, saba kati yake zikiwa za Jobim, zikipangwa na Claus Ogerman. Sinatra, aliyezoea kuimba mbele ya bendi kubwa, alilazimika kuishusha sauti yake kuliko alivyowahi kufanya, na nidhamu hiyo inasikika katika kila mstari. Jobim anapiga gitaa, chombo ambacho hakukihesabu kuwa chake cha kwanza, kwa kuwa Wamarekani walitarajia Mbrazili ashike gitaa.

Twiga aliye kwenye jalada la "Wave" ametoka wapi?

Ametoka Kenya. Picha ya twiga anayekimbia ni ya mpiga picha Mmarekani Pete Turner, aliyeipiga nchini humo mwaka 1964 na kuitia rangi kali zisizo za asili. Muziki wa albamu hiyo ya mwaka 1967, ulioandaliwa na Creed Taylor na kupangwa na Ogerman, hauna uhusiano wowote na Afrika Mashariki.

## Kazi za baadaye

Kwa nini "Sabiá" ilizomewa?

Mwaka 1968, katika tamasha la kimataifa la nyimbo kwenye ukumbi wa Maracanãzinho, wimbo huo wa Jobim na Chico Buarque ulishinda, na maelfu ya watazamaji wakawazomea waimbaji wakiwa jukwaani. Walitaka ushindi uende kwa wimbo wa Geraldo Vandré uliowakabili wazi watawala wa kijeshi. "Sabiá" ilionekana laini mno, wimbo wa ndege na wa kutamani kurudi. Miezi michache baadaye utawala ulikaza kamba, Vandré na Buarque wote wakaondoka nchini, na wimbo wa mtu anayeota kurudi kwao ukasikika kwa masikio mengine.

"Águas de Março" inahusu nini?

Inaorodhesha vitu: kijiti, jiwe, kipande cha kioo, matope, samaki, usiku, kifo, ahadi ya uhai. Jobim aliitunga mwaka 1972 huko Poço Fundo, shamba la familia yake katika milima ya jimbo la Rio, wakati nyumba inajengwa na mvua inayageuza mavumbi kuwa tope. Msomaji wa pwani yetu akumbuke kwamba kwake Machi hufungua masika, bali Rio mvua za Machi hufunga kiangazi chenye joto. Ndizo za mwisho. Lahani ni fupi mno, vijinota vichache vinavyojizungusha, na harmonia chini yake inateremka bila kukoma kama maji yenyewe. Ndugu yake "Samba de uma nota só" anaonekana wazi, ila hapa mtunzi amezeeka na amejua msiba.

Toleo linalopendwa zaidi ni lile aliloimba na mwimbaji Elis Regina katika albamu yao ya mwaka 1974, "Elis & Tom", iliyorekodiwa Los Angeles. Mwanzoni mambo yalikuwa magumu, kwa kuwa Jobim hakupendezwa na piano ya umeme ya César Camargo Mariano, mpangaji wa muziki na mume wa Elis. Mvutano huo hausikiki. Kinachosikika mwishoni ni watu wawili wanaocheka katikati ya maneno.

Je, alitunga muziki wa okestra?

Ndiyo, na upande huu haujatendewa haki. Mwaka 1960 yeye na Vinicius walikaa katika nyumba ya mbao iliyojengwa kwa ajili ya rais palipokuwa panajengwa Brasília, wakitunga simfonia ya mji huo mpya. Albamu za "Matita Perê" (1973) na "Urubu" (1976), zote zikiwa na Ogerman, zina vipande virefu visivyo na mdundo wa bossa nova kabisa. Majina yote mawili ni ya ndege. Jobim aliwajua ndege wa misitu ya pwani ya Brazili kwa sauti zao, na alisikitika hadharani msitu ulivyokuwa unakatwa kabla neno mazingira halijawa la kila siku.

## Mabishano

Je, bossa nova iliwapora samba watu weusi?

Mkosoaji José Ramos Tinhorão aliandika kwa miaka mingi kwamba vijana weupe wa tabaka la kati, wakazi wa maghorofa ya kusini mwa Rio, waliichukua samba, wakaitia jazi, wakawauzia Wamarekani. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Samba ilikuzwa na Wabrazili weusi, wajukuu wa watu waliochukuliwa utumwani, wengi wao kutoka Angola na Kongo, na fedha za bossa nova hazikupanda vilimani walikoishi watunzi wake. Kwa upande wa muziki wenyewe, hata hivyo, Tinhorão alikosea kuhusu chanzo cha harmonia: nyingi ya zile alizoziita za jazi Jobim alizipata kwa Debussy na Villa-Lobos. Mwaka 1992 shule ya samba ya Mangueira (shule ya samba ni chama cha wacheza kanivali), moja ya kongwe kuliko zote, ilimfanya yeye kuwa mada ya kanivali yake, naye akapita uwanjani pamoja nao.

Je, wimbo wake "Insensatez" umenakiliwa kutoka kwa Chopin?

Mwanzo wake unafanana na prelude ya nne ya opus 28 ya Chopin, kipande kifupi cha piano, na Jobim aliipiga tangu ujanani. Kinachofanana ni wazo: lahani inayosita karibu na nota mbili huku harmonia ikizama. Baada ya hapo wimbo unakwenda njia yake.

## Mwisho wa maisha na pa kuanzia

Alifariki vipi, na anakumbukwaje?

Moyo wake ulisimama katika hospitali ya Mount Sinai, New York, alikotibiwa saratani ya kibofu, akiwa na umri wa miaka 67. Alizikwa Rio, katika makaburi ya São João Batista. Albamu yake ya mwisho, "Antonio Brasileiro", ilikuwa ya mwaka huo huo. Uwanja wa ndege wa Galeão uliongezewa jina lake mwaka 1999, jambo linalofaa, kwa sababu "Samba do Avião" inaeleza ndege ikitua hapo hapo. Nyaraka zake hutunzwa na taasisi yenye jina lake ndani ya Bustani ya Mimea ya Rio.

Nianze kusikiliza wapi?

Anza na "Elis & Tom". Kisha sikiliza "Chega de Saudade" ya João Gilberto ya mwaka 1959, kwa ajili ya gitaa lililoelezwa hapo juu, na "The Composer of Desafinado, Plays" ya mwaka 1963, ambamo Jobim anapiga lahani zake kwenye piano kwa nota moja moja, bila mapambo. "Urubu" iache kwa ajili ya baadaye, uisikilize yote kwa mkao mmoja, kwa mpangilio wake, maana upande wa kwanza una nyimbo na wa pili una okestra peke yake.